Matanga Bila Karatasi

Nilikuja Likasi kukaa siku tatu. Mjomba wangu alikuwa amevunjika mguu kiwandani Shituru, na mama alinituma kutoka Kapolowe nimpelekee samaki wakavu na nione kwa macho yangu kama kweli anaweza kusimama. Siku ya pili yangu pale, redio ikasema kwamba adui ameingia upande wa magharibi na barabara zimefungwa.

Barabara yenyewe ilikuwa pale pale. Niliiona kila asubuhi kutoka nyuma ya nyumba ya mjomba, nyekundu, ikipanda kilima bila mtu. Waliofungwa walikuwa sisi. Kutoka mji mmoja kwenda mwingine ulihitaji karatasi ya njia, yenye saini ya mkuu wa mtaa na muhuri wa komini, ofisi ya serikali ya mji, na karatasi hiyo haikutolewa kwa mwanamume asiye na kazi mwenye umri wa kushika bunduki. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sikuwa na kazi, na mikono yangu yote miwili ilikuwa mizima.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuvumilia. Mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu lori lilipita mbele ya dirisha la darasa likiwa limebeba mashine iliyofunikwa turubai, na nilitaka kujua ni mashine gani na inashushwa wapi. Nikatoka kama ninayekwenda kujisaidia. Ilishushwa Kakanda, na sikurudi darasani tena. Tangu hapo nilikuwa nimesukuma mikokoteni, nimechoma makaa, nimeuza samaki, nimebeba mifuko ya saruji, na hakuna pahali nilipolala miezi mitatu mfululizo. Sasa nililala katika chumba cha nyuma cha mjomba, chini ya mabati yaliyoliwa na moshi wa kiwanda, na asubuhi mate yangu yalikuwa na ladha ya msumari. Mwezi wa kwanza niliuliza watu habari za kila kitu: asidi inatengenezwaje, nani anaishi nyumba ile, kwa nini treni ya shaba inapita kila siku ikiwa kuna vita. Mwezi wa pili nikawa nimemaliza mitaa yote. Mwezi wa tatu nilianza kuhesabu hatua kutoka mlangoni hadi bombani.

Kitu kimoja tu hakikuniishia hamu, nacho ni uwanja wa mama wa munkoyo.

Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kitamu siku ya kwanza, kikali siku ya tatu. Mama huyu alikipika nyuma ya nyumba yake, nyumba tatu kutoka kwa mjomba, na watu walikunywa wakikaa juu ya magogo na makasha. Alikuwa mjane, mfupi, amepoteza meno mawili ya mbele. Yeye ni wa ukoo wa Chui na mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, na koo hizo mbili ni watani tangu zamani. Kwetu tunasema ni banungwe. Mnungwe wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kukasirika. Siku ya kwanza nilipoingia uwanjani kwake alisimama na upawa mkononi akaniangalia kuanzia miguuni.

“Weye mbuzi,” akasema, “nani alikufungua kamba?”

“Nilisikia kuko chui hapa hana meno, nikasema niende nimuone mbele ya kufa kwake.”

“Nitakukula na fizi! Kaa pale. Na ukimwaga kikombe yangu, nitakuchuna ngozi nifanye ngoma.”

Kila siku ilikuwa hivyo. Nadhani ndiyo iliyoniweka hai.

Pale uwanjani watu walizungumza vita. Hawakuzungumza kwa sauti, na hawakuzungumza mbele ya kila mtu, lakini ukikaa kwa utulivu ungesikia. Mjomba wangu, na mkongojo wake kati ya magoti, alishikilia kwamba wale waliokuja kutoka ng'ambo ya mpaka ni watoto wa hapa hapa.

“Bale ni bana betu,” alisema. “Walikimbia na babaa zao, sasa banarudia kwao. Unapiga namna gani mutoto anarudia kwa baba yake?”

Fundi umeme wa kiwandani, mtu mnene ambaye kila mara alikuja na kikombe chake mwenyewe, alimjibu: “Mutoto anarudia kwa baba yake anapigaka hodi, mukubwa. Haletake mizinga.”

“Na kama baba alifunga mulango?”

“Basi apige hodi mara mbili.”

Watu wakacheka. Mwingine akasema kwamba wakija hao au wakibaki hawa, shaba itapakiwa ile ile na mshahara utachelewa ule ule, sasa mtu afe kwa ajili ya nini? Mwingine akasema usiseme hivyo, nchi ni nchi, ukiacha kipande kimoja kiende kesho wataomba kingine. Mjadala ulizunguka hivyo mpaka mkuu wa mtaa alipoonekana kwenye kona, na hapo wote tukageukia habari za mvua.

Mkuu wa mtaa alikuwa mtu wa chama, karani katika duka la wafanyakazi, mwenye abakosti moja ya kijivu, ile suti ya chama isiyovaliwa tai, aliyoivaa hata kwenye joto. Wazee wake walitoka Kasai, waliletwa kufanya kazi ya mgodi kabla yeye hajazaliwa. Mikutanoni alisema maneno yote yaliyotakiwa kusemwa. Lakini siku moja nilimsukumia gunia la unga kwa mkokoteni mpaka kwake, na tulipokuwa tunapumzika kivulini nikamuuliza, kama kawaida yangu, yeye mwenyewe anafikiri nini. Aliangalia nyuma kwanza.

“Minye nilikuwa mudogo,” akasema, “bantu ya hapa walitufukuza mara moja, banasema turudie Kasai. Tulilala mu wagon ya treni siku tisa, mama yangu na ndugu yangu mudogo. Ndugu yangu hakufika. Bale bakishinda, citoyen, unafikiri batanipatia maua?”

Wakati ule kila mtu aliitwa citoyen, raia, hata mlevi aliyelala mtaroni. Niliondoka na mkokoteni mtupu, nikiwa sijui tena ni nani mwenye haki. Mjomba wangu alikuwa na sababu yake na karani alikuwa na yake, na zote mbili zilikuwa na watu waliokufa ndani.

Mama wa munkoyo hakusema neno lolote juu ya vita. Alimimina tu. Mtoto wake wa pekee alikuwa askari wa serikali, amepelekwa huko huko magharibi. Nilimfahamu tangu likizo za utotoni: kijana mrefu, mpole, kipa wa timu ya mtaa, na kipa mbaya kupita wote niliowahi kuona. Mpira ulimpita katikati ya miguu na yeye akageuka kuuangalia kama mtu aliyesahau kumsalimu jirani. Aliingia jeshini kwa sababu kiwanda hakikumwajiri. Hakuna mtu aliyemuuliza anapenda vita gani.

Mwezi wa nne, askari mmoja aliyefungwa bandeji toka bega mpaka kiwiko alikuja uwanjani mchana, watu wakiwa kazini. Nilikuwa pale, napasua kuni. Hakukaa. Alimuuliza mama kama yeye ndiye mama wa fulani, akasema walikuwa kikosi kimoja, na kwamba kijana alianguka karibu na daraja asubuhi moja, mbele ya macho yake. Alisema hakuteseka. Kisha akatoa mfukoni mkanda wa suruali, akauweka juu ya kasha, akasema anatakiwa kurudi hospitali kabla hawajamtafuta, akaenda. Hakuonja hata maji.

Mama aliukunja mkanda ule, akaufungua, akaukunja tena. Halafu akaniita. Hakuniita mbuzi.

“Ulisikia?”

“Nilisikia, mama.”

“Basi weye njo wa kufungua matanga.”

Nilielewa mara moja kwamba mimi ndiye. Kwetu, mtu akifa, watu wa nyumba hawaanzi matanga wenyewe. Mama hawezi kulia kwa sauti, hawezi kunyoa nywele, moto hauwashwi uwanjani, mikeka haitandikwi, mpaka mnungwe aje. Mnungwe ndiye anayekaa mlangoni, anayeshika chungu, anayevaa nguo za marehemu na kumwiga na kumtukana, ili watu wacheke na machozi yapate njia. Na akifanya kazi hiyo ana ruhusa ya kusema lolote. Asipokuja, maiti huoza ndani ya midomo ya watu. Banungwe wengine wa mama walikuwa vijijini, upande wa pili wa barabara ile isiyopitika. Katika mtaa mzima, mjomba akiwa kwenye mkongojo, nilibaki mimi.

Nilimwambia kesho.

Jioni ile ile mkuu wa mtaa alinikuta njiani. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia; katika mtaa wetu habari zilitembea haraka kuliko mtu mwenye baiskeli.

“Hakuna matanga,” akasema. “Nimepata maagizo. Redio haikusema kuko bantu balikufa. Kama kuko mufu, karatasi itakuja na muhuri. Karatasi haikukuja, mutoto anaishi. Mutu anafanya matanga bila karatasi, anasema serikali inaongopa. Unaelewa?”

“Lakini rafiki yake alimuona.”

“Rafiki yake aliona nini? Mu vita kuko moshi.” Akarekebisha tai ambayo hakuwa nayo. “Ninajua weye njo munungwe. Unataka kuenda kwenu Kapolowe, hapana? Jumatatu ya ile wiki inakuja kuko lori ya mission inaenda. Kaa kimya mpaka siku ile, nitatia saini yangu.”

Nataka kuandika kwamba nilifikiri sana. Sikufikiri. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza, kama samaki anavyorukia chambo.

Siku zilizofuata nilijificha mama asinione. Nilipita njia ya nyuma, kando ya reli, hata kwenda bombani. Alipotuma mtu kuniita, nilisema nina homa. Mara moja nilipochungulia juu ya ua, nilimwona amekaa kwenye kiti chake, nywele zake hazijanyolewa, macho makavu, mikono juu ya mapaja. Hakupika tena. Chungu kikubwa kilikuwa kimelala kifudifudi. Wateja walikuja, wakasimama, wakakosa la kusema: hawawezi kutoa pole kwa sababu hakuna kifo, hawawezi kuomba kinywaji kwa sababu kifo kipo. Wakaondoka mmoja mmoja. Nilisikia kwamba alikwenda kwa padri, na padri akasema ataombea “walio mbali”.

Mjomba aliniangalia usiku na mchana. Mwishowe, tukila, akasema: “Miguu yako iko mizima yote mbili, na weye njo unachechemea.”

Ijumaa nilipata karatasi. Ilikuwa na saini na muhuri wa mviringo wa rangi ya zambarau, na jina langu limekosewa herufi moja. Niliikunja mara nne nikaitia katika soksi. Nilikuwa nimeingoja miezi minne na sasa ilinikwaruza kisigino kila hatua.

Jumapili baada ya misa nikasema siwezi kuondoka bila kuaga. Nilijiandaa kwa matusi. Njiani niliyatunga majibu yangu. Nilitaka aniite mbuzi mwoga, mbuzi wa kuuzwa, chochote kile, na nilijua ningeyapokea yote kwa furaha.

Aliponiona, alisimama. Akapangusa kiti kwa kitambaa chake.

“Bonjour, citoyen,” akasema. “Karibu. Ikala. Nyumbani kwenu wako salama?”

Nikajibu wako salama.

“Na safari yenu ni lini?”

Alinisemesha kana kwamba mimi ni watu wengi, kwa heshima, kama mtu anayemsemesha karani wa komini. Nikajaribu utani; nikasema nimekuja kuona kama chui amekwisha kufa. Alitabasamu kidogo kwa adabu, mdomo umefungwa ili pengo lisionekane. Miezi yote ile hakuwahi kunificha pengo lile.

Sijui jinsi ya kueleza kilichonipata. Nilikuwa nimezoea kuwa mgeni kila pahali. Nilikuwa nimejivunia hilo. Lakini hapo kwa mara ya kwanza mtu alinifanya mgeni.

“Nguo zake ziko wapi?” nikauliza.

Aliingia ndani akatoka na fulana ya kijani ya kipa, yenye namba moja mgongoni, imetoboka kiwikoni. Niliivaa juu ya shati langu la misa. Nikachukua chungu kikubwa, nikakiweka kifudifudi katikati ya mlango, nikakaa juu yake, nikapiga kelele mtaa mzima usikie:

“Nani amekufa hapa? Nani mujinga amekufa hapa bila kuniaga minye?”

Na mama akalia. Sauti ile sikuwahi kuisikia kabla, nyembamba mwanzoni, kisha ikafunguka. Wanawake wa jirani walitoka kama waliokuwa wanangoja nyuma ya milango, na kweli walikuwa wanangoja. Mmoja alikuja na mkeka, mwingine na wembe wa kunyolea, mwingine na kijinga cha moto kutoka jikoni kwake. Baada ya muda mfupi uwanja ulijaa. Mjomba aliletwa na mkongojo wake. Fundi umeme alikuja na kikombe chake, akakumbuka hakuna munkoyo, akakificha mfukoni.

Nikasimama langoni, kati ya nguzo mbili za ua, nikatanua miguu kama marehemu. Nikaruka upande wa kushoto wakati mpira unakwenda kulia. Nikageuka polepole kuuangalia. Watu walimtambua papo hapo. Kicheko kilianza kwa watoto kikafika kwa wazee.

“Muangalieni!” nikasema. “Golikipa! Hata mupira ya batoto ilikupitaka mu miguu! Sasa ulifikiri utashika risasi?”

Mama alicheka huku analia, mkono juu ya mdomo, halafu akauondoa mkono. “Mbuzi weye!” akapiga kelele. “Mbuzi mubaya, umuache mutoto yangu!”

“Nimuache wapi? Aliniacha yeye! Ulienda kulinda goli ya nani, mukubwa? Mwenye goli iko wapi? Minye sikumuona mu uwanja. Iko kule mu kivuli, anakunywa baridi, anauliza: tulifungwa ngapi? Banamuambia: sifuri, chef, hatukufungwa hata moja. Anapiga makofi! Na weye umelala pale na mupira mu tumbo!”

Hapakuwa na kicheko tena cha kawaida. Kilikuwa kitu kingine, kama watu wanakohoa wote pamoja. Mzee mmoja alipiga paja lake mara tatu bila sauti. Niligeuka, na pale kwenye ua nikamwona mkuu wa mtaa na abakosti yake. Alikuwa anacheka. Machozi yalimtoka, akavua miwani, akaifuta. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akaivaa tena, akaenda.

Niliendelea upande wa pili pia, kwa sababu mnungwe hachagui. Nilimwambia marehemu kwamba wale waliompiga ni ndugu zake waliokuja kumtembelea na wakasahau kuleta zawadi. Nilimuuliza kama alifikiri wakishinda wao watamjengea sanamu, na mikono yake ile isiyodaka mpira. Mjomba wangu aliangalia chini. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Sikujua kwamba nilikuwa na maneno hayo yote. Nadhani yalikuwa ya uwanja mzima, nami nilikuwa nimeyasikiliza miezi minne nikiwa nimekaa juu ya gogo.

Askari walinichukua Jumatatu asubuhi, nikiwa na kifurushi changu, hatua chache kutoka lori la misheni. Ofisi ilikuwa karibu na stesheni, chumba chenye meza na benchi na dirisha lililopakwa rangi. Ofisa alitoka mbali, upande wa mto mkubwa wa kaskazini, alizungumza Kilingala, na karani kijana alitafsiri. Karatasi yangu ya njia ilikuwa ya kwanza kupanda mezani. Niliitazama kuliko nilivyomtazama ofisa.

“Anauliza,” karani akasema, “yule askari amekufa au hakufa?”

Nikaangalia dirisha lile la rangi.

“Anasema: kama unasema amekufa, unatoa wapi habari hiyo, maana serikali haijaitoa? Unaeneza habari ya adui. Kama unasema hakufa, umefanya matanga ya askari wa taifa aliye hai, umemtakia kifo. Anasema uchague kosa lako, yeye hana haraka.”

Nilijaribu kueleza kwamba mimi ni mnungwe, kwamba mnungwe hasemi mambo yake, kwamba ni kazi. Ofisa hakujua neno hilo. Mkuu wa mtaa aliitwa ashuhudie. Aliingia bila kuniangalia, akaulizwa nilisema nini kuhusu mwenye goli. Akasema alikuwa mbali, hakusikia vizuri.

“Ulicheka?” ofisa akauliza, na safari hii alisema mwenyewe, kwa Kiswahili.

Karani wa duka alisimama wima. “Nilicheka kidogo, chef,” akasema. “Ni mila yao. Muntu anachekaka.”

Sijui hilo lilimgharimu nini. Wiki iliyofuata mtaa ulipata mkuu mwingine.

Kisha wakaniambia nirudie maneno yale, neno kwa neno, ili karani ayaandike. Nikajaribu. “Mwenye goli iko wapi,” nikasema, nikiwa nimekaa kwenye benchi bila fulana, bila moto, bila mama wa kunitukana. Karani aliandika polepole. Ofisa akauliza mimi mwenyewe nina maoni gani, vita hivi ni vya haki au si vya haki, na kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa ananiuliza mimi badala ya mimi kumuuliza. Nilisema sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na ni jibu ambalo hakuna aliyeliamini katika chumba kile.

Nililala ndani siku nne. Ya tano ofisa akachana karatasi ya njia vipande viwili, akaniambia nitaripoti kila Jumatatu na sitoki Likasi mpaka nitakapoambiwa. Kisha nikasukumwa nje. Jua lilinipiga. Nilikuwa nafikiria lori, Kapolowe, samaki, na jinsi miezi minne imegeuka kuwa sijui mingapi. (Ilikuwa miaka miwili.)

Mama wa munkoyo alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na bakuli la ugali limefunikwa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa. Alivuka akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayenunua mnyama.

“Hawakukula, mbuzi,” akasema. “Banaona weye ni mifupa tu.”

Nilicheka, nikapokea bakuli. Alingoja nimeze tonge la kwanza. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

“Ulikuwa na ile mukubwa siku mine. Yeye anajuaka mambo. Alikuambia balimuzika wapi mutoto yangu?”

Mimi, ninayeuliza watu habari za kila kitu, nilikuwa nimekaa mbele ya mtu pekee katika mji ule ambaye huenda alikuwa na orodha ya waliokufa katika droo, na sikuuliza. Nilimwangalia akiichana karatasi yangu na sikuwaza jambo lingine.

“Hakuniambia,” nikasema.

“Ulimuuliza?”

Nikampa bakuli lake. Nilivuka barabara, nikamwambia askari wa mlangoni kwamba nataka kurudi ndani, nina swali. Alifikiri nimerukwa na akili. Aliwaita wenzake waje waone mtu anayeomba kuingia. Walipomaliza kucheka, mmoja alinionyesha benchi la nje, chini ya dirisha lililopakwa rangi, akasema ningoje. Mama alivuka pia, akakaa kando yangu, bakuli juu ya magoti. Tulikaa pale mpaka ofisi ikafungwa. Jumatatu iliyofuata, siku ya kuripoti, nilikuja asubuhi mapema, na yeye alikuwa amekwisha kufika.